Faili la mgonjwa linafunguliwa nyumbani saa nane usiku. Ufunguo anao nani? (uzi mrefu, chukua kahawa)

Mwalo wa Kibirizi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Niko Kigoma mjini, kazi yangu ni TEHAMA kwenye kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja, na mkibahatisha nitakana. Nimeona watu wanabishana kama mifumo ya hospitali iruhusiwe kufunguliwa ukiwa nje ya hospitali. Ubishi huo umechelewa, inafunguliwa tayari. Tuulizane inafunguliwaje.

Nianze na ilivyokuwa kwetu. Daktari wa upasuaji ni mmoja. Usiku yuko zamu, ila zamu yenyewe anakaa nyumbani, na nyumba iko Mwanga. Boti inaingia saa saba usiku kutoka mwambao wa kusini, huko Sigunga na Buhingu ambako barabara yao ni ziwa. Mama mjamzito amelazwa juu ya mbao za boti, kanga zimelowa. Nesi anampigia daktari. Daktari anauliza kundi la damu, wingi wa damu, na kama alishawahi kupasuliwa. Yote hayo yamo kwenye mfumo kwa sababu mama alishahudhuria kliniki kwetu, basi nesi anasoma kwenye skrini huku simu kaibana begani.

Tulisomeana hivyo kwa muda. Baadaye nesi mmoja akachoka kusoma, akaipiga picha skrini, akaituma kwenye grupu la WhatsApp la zamu. Kila mtu akafurahi. Haikuchukua muda grupu lile likawa hospitali ya pili: majina, umri, mtaa, majibu ya maabara, eksirei. Ndani yake kulikuwa na watu wawili waliokwisha kuhamishiwa mkoa mwingine, na dereva mmoja ambaye simu yake wanaishika watoto wake wote.

Mganga mfawidhi akaniita: tafuta njia daktari auone mfumo akiwa kwake, hizi picha zikome. Nikafanya kosa, na kosa hilo ndilo limenileta hapa.

Niliifungua seva, ile kompyuta inayotunza mfumo wetu wote, moja kwa moja kwenye intaneti. Mafundi wataelewa: mlango namba 3389, ule wa kuiendesha kompyuta ya Windows ukiwa mbali. Nikaingia kwenye ruta, nikaelekeza, nikajaribu kwa simu nikiwa barazani kwangu, ikafunguka. Nikalala nikijiona fundi. Jina la kuingilia lilikuwa moja kwa madaktari wote, "daktari", na nywila ni jina la kituo na mwaka.

Asubuhi nikafungua orodha ya waliojaribu kuingia. Nilidhani mashine imeharibika. Kurasa kwa kurasa, usiku kucha, anwani za nchi za mbali zinapiga hodi: "administrator", "admin", "test", tena "administrator". Mwanzoni nikajiuliza Kigoma wameijulia wapi. Hawaijui. Wanatembeza programu inayogonga kila anwani ya intaneti duniani na kusikiliza nani ameitika. Kwa hiyo ule usemi wetu wa "nani atahangaika na kakituo ketu" tuuache. Mwizi huyu hachagui nyumba, anasukuma kila mlango wa mtaa.

Nikafunga. Ninaendelea chini, acha nile kwanza.

---

Kasulu Mjini

Nipo siti ya mbele na karanga zangu. Ila mkuu, si ungeweka tu paswedi ngumu? Mbona unatutisha.

---

Fundi Seva

Kaka Kasulu, paswedi ngumu haisaidii kama imeshaibiwa. Tafuta habari za Change Healthcare ya Marekani, kampuni inayopitisha malipo na madai ya bima za afya. Tarehe 12 Februari 2024 wezi waliingia kwa jina na nywila halali zilizoibiwa, wakipitia mlango wa wafanyakazi wa kuingilia kwa mbali. Mlango huo haukuwa na hatua ya pili ya kuthibitisha, yaani kitu kingine cha kuonyesha baada ya nywila, kama namba ya kwenye simu. Wakakaa ndani siku tisa wakijizungusha, tarehe 21 wakafunga data zote na kudai fedha. Kampuni ililipa dola milioni 22 na bado data haikusalimika. Maduka ya dawa nchi nzima yakashindwa kuhakiki bima. Mkuu wa kampuni mama aliyasema haya mwenyewe mbele ya Bunge lao.

Mlango mmoja tu, ndugu yangu. Hawakubomoa ukuta.

---

Kasulu Mjini

Sawa, lakini hao wana dola. Kwetu mwizi ataiba nini, majibu ya malaria?

---

Fundi Seva

Ufini kulikuwa na kampuni ya tiba ya kisaikolojia inaitwa Vastaamo. Hifadhidata yao iliachwa wazi kwenye intaneti. Oktoba 2020 mwizi aliposhindwa kuwakamua wenye kampuni, akawaandikia wagonjwa mmoja mmoja: lipa euro 200 kwa bitcoin au maongezi yako na mtaalamu wako yanatoka hadharani. Watu walikuwa maelfu. Sasa fikiria majibu ya VVU ya mtu wa Ujiji, mwenye duka, mwenye wake wawili. Hata hahitaji mwizi wa Ulaya. Atatosha jirani.

---

Mwalo wa Kibirizi

Hapo kwa jirani ndipo nilipokuwa naelekea, lakini nimalize kwanza habari ya mlango.

Baada ya usiku ule nilijenga upya. Sasa hivi seva yetu haionekani kabisa ukiwa nje. Kilichopo ni handaki, wenyewe wanaita VPN. Nimetumia WireGuard, ni ya bure na nyepesi. Kila simu au laptopu iliyoruhusiwa ina ufunguo wake wa siri, na seva ina orodha ya vifaa inavyovitambua. Kifaa ambacho hakimo kwenye orodha kikipiga hodi hakijibiwi hata "hapana". Kinakutana na ukimya, kama vile hakuna nyumba. Zile mashine za usiku zikipita kwetu siku hizi zinaona uwanja mtupu.

Kingine nilichokipenda ni kwamba handaki halikatiki hovyo. Daktari akitoka kwenye intaneti ya nyumbani akahamia bando la simu njiani, linaendelea tu. Kwa mtandao wetu huu unaokuja na kuondoka kama umeme, si jambo dogo. Na laptopu ikiibwa stendi, nafuta mstari mmoja kwenye orodha, imekwisha. Diski yake nayo imefungwa kwa usimbaji, haisomeki bila ufunguo, kwa hiyo aliyeiiba ameiba chuma.

Ukishapita handakini unakuta jina lako na nywila yako, halafu namba sita zinazobadilika kila sekunde 30. Namba hizo sitaki zije kwa ujumbe mfupi. Kwanza, ujumbe wetu mvua ikikaa vibaya unafika asubuhi, na namba iliyofika asubuhi haina kazi. Pili, matapeli wa kufufua laini ya mtu mwingine mnawajua. Namba ninazosema zinakokotolewa na simu yenyewe, kwa siri waliyopeana na seva siku ya kwanza ikichanganywa na saa ya wakati huo. Hazihitaji bando wala mnara. Ukiwa katikati ya ziwa zinatoka.

---

Binti Ujiji

Kaka, mimi ni nesi. Sikutaji na wewe usinitaji. Umeandika vizuri sana kama mtu ambaye hajawahi kushika zamu.

Nywila, handaki, namba sita. Wakati huo mama anatoka damu. Unajua kwa nini sisi tunatumia jina moja la kuingilia? Siyo uvivu. Ijumaa saa kumi na moja jioni umesahau nywila. Mtu wa TEHAMA ameshaondoka, simu yake haipatikani, yuko kwao Kalinzi kwenye msiba. Mpaka Jumatatu huna mfumo. Utafanyaje? Unaomba ya Sista. Wiki ijayo na mwingine anaomba ya Sista. Mwisho imeandikwa kwenye plasta na kubandikwa chini ya kibodi. Msituambie habari za usalama kabla hamjatuambia nani anapokea simu Jumamosi usiku.

---

Tabibu wa Mwambao

Dada Ujiji umemaliza. Na sisi wa huku ambao TEHAMA tunamuona mara moja kwa msimu?

---

Mwalo wa Kibirizi

Dada, nimekubali, na plasta hiyo nimeshaiona kwa macho yangu. Kwetu ilikuwa chini ya kalenda.

Niseme tulivyofanya, nawe unikosoe. Moja, kurudisha nywila siyo kazi yangu peke yangu tena. Nesi mkuu wa zamu anaweza kumpa mtu nywila ya muda, na mfumo unaandika kuwa yeye ndiye aliyempa. Mbili, kila mmoja wetu alipewa namba za akiba kumi zilizochapwa kwenye karatasi, kila namba inatumika mara moja, kwa siku ambayo simu imezama ziwani. Tatu, kwa wanaotumia kitochi na ambao hawataki kazi iingie kwenye simu zao (nawaelewa, simu ni yangu, bando langu, nyinyi mniwekee programu zenu?), tunavyo vifaa vidogo vya ufunguo vinavyochomekwa kwenye kompyuta. Si vingi, fedha ndiyo hiyo.

Na kuhusu mama anayetoka damu: upo mlango wa dharura. Daktari au nesi ambaye kwa kawaida hana ruhusa ya kuona faili fulani anabonyeza "dharura", anaandika sababu hata kwa maneno matatu, na faili linafunguka pale pale. Hakuna wa kumzuia. Ila saa mbili asubuhi orodha ya milango ya dharura iliyofunguliwa usiku iko mezani kwa mganga mfawidhi na inasomwa. Ukikaza mlango hadi mtu wa zamu ashindwe kupita, atapitia dirishani, na dirisha letu linaitwa WhatsApp.

---

Binti Ujiji

Hiyo ya nesi mkuu kutoa nywila ya muda nimeichukua. Nitaipeleka kwenye kikao, wakikataa nitakuja kukulaumu hapa hapa.

---

Mzee wa Miembe

Vijana, nawasoma nikiwa Tabora, Isevya, chini ya mwembe ulionilea. Nilifanya kazi masjala ya hospitali miaka hiyo ya makaratasi. Niwaambie kitu.

Mnadhani mambo haya ni mapya. Chumba cha mafaili kilikuwa na mlango mmoja na ufunguo anao mtu mmoja. Faili likitoka kwenye rafu, mahali pake panachomekwa kipande cha boksi kimeandikwa jina la aliyelichukua, idara yake na tarehe. Likichelewa, namfuata mtu kwa jina. Sikumfuata "daktari". Nilimfuata fulani wa wodi namba mbili. Siku alipokuja mkubwa mmoja akaniambia "nipe faili la fulani, usiandike", nilimpa kalamu.

Sasa mmeleta kompyuta, mkakitupa kile kipande cha boksi, halafu mnashangaa.

---

Kasulu Mjini

Shikamoo mzee. "Nilimpa kalamu." Hii nimeikata nimeitunza.

---

Mwalo wa Kibirizi

Marahaba zako mzee umpe Kasulu, mimi nakupa shikamoo yangu nyingine.

Mzee amenifikisha kwa jirani. Wakuu, zile mashine za usiku zilinitisha, lakini aliyeniuma siyo wa nje. Tulipoacha jina la pamoja na kila mtu akaingia kwa jina lake, nikaanza kulisoma daftari la mlango kila Ijumaa: nani, faili gani, saa ngapi, kifaa kipi. Wiki za mwanzo hakuna kitu. Halafu nikaona jina la mtu wa mapokezi, saa tano na dakika kadhaa za usiku, siku ambayo hakuwa zamu, kafungua faili la binti mmoja. Binti hakuja kituoni siku hiyo. Kafungua majibu ya maabara, kashuka mpaka ya miaka ya nyuma.

Tulimwita kwa utaratibu. Hakukana. Yule binti alikuwa anachumbiwa na mdogo wake. Familia ilitaka kujua wanaoa nini. Alisema vile kabisa, "wanaoa nini", kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

Makosa yalikuwa yangu pia. Mtu wa mapokezi ana kazi gani na majibu ya maabara? Anahitaji jina, namba ya faili, bima, na foleni ya leo. Nilimpa vyote kwa sababu siku ya kuuweka mfumo niliharakishwa na nikatoa ruhusa moja kwa wote. Na kuingia kutoka nyumbani nako alikutakia nini? Tumepunguza. Wanaoingia kwa mbali sasa ni madaktari wa zamu, mtu wa maabara mmoja na mimi. Tangazo la kuhamishwa mtu likitoka, jina lake linafungwa siku anayokabidhi ofisi. Fundi wa waliotuuzia mfumo naye alikuwa na mlango wake wa kudumu, anaingia atakapo. Nimemfungia. Akihitaji anapiga simu, ninamfungulia kwa saa mbili na ninaangalia anachofanya. Alinuna.

Fikirini kama lile jina "daktari" lingekuwepo bado. Daftari lingeniambia "daktari alifungua". Daktari yupi?

---

Wakili wa Kijiji

Nichangie upande wa sheria kwa ufupi, kabla mtu hajasema ni uungwana tu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Taasisi inayozikusanya inapaswa kujisajili kwenye Tume, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti, jambo ambalo wale wa kuhifadhi kila kitu kwenye akaunti binafsi za mtandaoni walifikirie. Majibu ya VVU yana ulinzi wake wa ziada kwenye sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inasema kuingia kwenye mfumo bila idhini ni kosa peke yake, hata kama hukuondoka na kitu. Yule wa mapokezi ajihesabu mwenye bahati.

---

Shangazi Gungu

Na sisi wagonjwa je? Mnaongea tu nyinyi na madaktari. Nasikia nchi nyingine mgonjwa anafungua mwenyewe majibu yake kwenye simu. Mimi nataka. Nimechoka kubebeshwa bahasha.

---

Mwalo wa Kibirizi

Shangazi una haki, na nikiwaza ndiyo jambo linaloninyima usingizi kuliko yote. Simu ni ya nani? Nimewahi kumwandikisha mama, namuuliza namba ya simu, ananipa ya mume. Mwingine ananipa ya mwanawe wa kidato cha pili kwa sababu ndiye anayejua kusoma ujumbe. Nikituma majibu kwa simu hiyo nimemtumia nani? Ndiyo maana ujumbe wetu unasema tu fika kituoni, umeitwa. Hautaji kliniki, hautaji kipimo. Hata jina la kliniki linatosha kuvunja nyumba.

Mgonjwa mwenyewe kufungua kwa simu hatujaweka. Tukiweka, tutamuuliza ana kwa ana, peke yake, siyo mume akiwa kaketi pembeni: simu hii unaishika wewe peke yako? Akisita tu, tunarudi kwenye bahasha.

---

Shangazi Gungu

Bahasha basi. Ila mgundishe vizuri, maana yangu ya mwisho ilifika imefunguka.

---

Kasulu Mjini

Nami niungame. Mwaka jana nilitumiwa majibu ya baba kwa baruapepe, nikaenda kuyachapa steshenari. Yule kijana akayashusha kwenye kompyuta yake, akachapa, nikalipa mia mbili, nikaondoka. Baada ya mwezi narudi kuchapa barua ya kazi, naona faili la baba lipo pale pale juu ya skrini, katikati ya vyeti vya kuzaliwa na mialiko ya harusi. Nilijidai sijaliona. Leo ndiyo naelewa nilichofanya.

---

Fundi Seva

Kila steshenari ya mji huu ni masjala ya hospitali, hawajui tu. Mleta uzi, kwenu daktari anaweza kushusha faili kwenye laptopu yake?

---

Mwalo wa Kibirizi

Hapana. Anaangalia, anaandika maelekezo, anatoka. Hakuna kushusha wala kuchapa kutoka nje ya kituo. Akiacha skrini dakika tano inajifunga. Walilalamika dakika tano ni kidogo. Tulianza na mbili, kwa hiyo washukuru.

Daktari mmoja alijaribu kuipiga picha skrini kwa simu nyingine. Hilo sina dawa yake. Nilichofanya ni kuweka jina la aliyeingia kwa maandishi hafifu yaliyopita katikati ya ukurasa, kama muhuri wa maji. Picha ikitembea, inatembea na jina lake.

---

Tabibu wa Mwambao

Mkuu samahani nakatisha. Nimeshawishika na uzi, nimeweka zile namba sita kwenye mfumo wetu wa mazoezi tangu jana. Leo inakataa. Naandika namba ile ile ninayoiona, inasema si sahihi. Nimejaribu mara tisa. Mtandao upo.

---

Mwalo wa Kibirizi

Simu iliisha chaji kabisa usiku?

---

Tabibu wa Mwambao

Ndiyo. Sola ilikuwa haina kitu, mawingu siku mbili.

---

Mwalo wa Kibirizi

Angalia saa ya simu, kisha angalia saa ya kompyuta.

---

Tabibu wa Mwambao

Simu iko nyuma dakika saba.

---

Mwalo wa Kibirizi

Hiyo ndiyo. Namba zinatoka kwenye saa, na simu yako inatoa namba za dakika saba zilizopita. Ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, weka ijirekebishe yenyewe kwa mtandao. Halafu subiri namba mpya itokee, usikimbizane na iliyopo.

---

Tabibu wa Mwambao

Imeingia.